Mstari wa Nne

Jumatatu hiyo nilifika kazini nikakuta jogoo amefungwa miguu mlangoni mwa maabara, ananitazama kwa jicho moja kama askari wa getini. Kando yake alisimama mwanafunzi wangu, binti wa kutoka Navakholo, meno yote nje.

"Ni wako, madam. Mama anakushukuru."

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Wanafunzi wangu husema nikiwa nyumbani kwangu naweza kusikia friji ya maabara ikizimika. Kwa hiyo sikumfurahia yule jogoo. Nikauliza ninashukuriwa kwa lipi.

"Baba ameanza dawa."

Nikamuuliza dawa ipi, ingawa nilishajua.

Kazi yangu hapa Kakamega ni kuwafundisha vijana waliomaliza chuo kutafuta dawa za virusi. Wanakuja wakidhani kutafuta na kupata ni kitu kimoja. Nawafundisha kupanda seli hai katika vishimo vya sahani ndogo ya plastiki, mistari minne. Wa kwanza ni seli peke yake. Wa pili, seli na virusi. Wa tatu, seli, virusi na hicho unachodhani ni dawa. Wa nne ni seli na dawa bila virusi, na huo ndio unaokwambia kama dawa yako inamdhuru mgonjwa mwenyewe. Kila mtu huukimbilia wa tatu. Mimi nimeupigia kelele wa nne mpaka wameufanya jina langu nikiwapa mgongo.

Binti huyu alikuwa ameleta gome la mti ambalo shangazi yake hulichemsha mtu akiwa na homa. Ijumaa alipima mstari wa tatu akakuta virusi karibu vyote vimetoweka. Wa nne ulikuwa haujasomwa, kwa kuwa seli hazikumtosha na ilibidi apande nyingine. Nilimwambia asimwambie mtu. Alimwambia mama yake jioni ile ile, na Jumapili mama akasimama kanisani akatoa ushuhuda.

Baba alikuwa ameshikwa na mkanda wa jeshi, ugonjwa nao wa virusi. Haukumtokea ubavuni kama wengi. Ulimtokea kwenye paji la uso, malengelenge yakishuka kuelekea jichoni. Alikuwa amejiandaa kwenda hospitali. Hakwenda. Aende kufanya nini, na dawa imepatikana na mtoto wake mwenyewe?

Haya yote alinieleza huku bado anatabasamu. Nilitamani kumtikisa mabega. Nikavaa glavu, tukaiweka sahani chini ya hadubini. Mstari wa kwanza, seli zilikuwa zimelala zimebanana, nzima kabisa. Wa nne, zilikuwa zimejikunyata na kubanduka, zinaelea ovyo. Nikampisha aangalie, naye akainama pale muda mrefu.

"Zimekufa," akasema. "Na hizi sikuzitia virusi."

"Hukuzitia."

"Kwa hiyo ule wa tatu..."

"Virusi vitazaana wapi, na seli zimekufa?"

Akapiga simu nyumbani. Haikushikwa. Akapiga tena. Nikamwambia avue koti, tunaenda.

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati, yeye nyuma na jogoo wake kwapani. Kwenye barabara ya murram tukakwama nyuma ya trekta la miwa, na dereva wetu akaona afadhali atupigie hadithi. Sikusikia hata neno. Niliogopa lile gome, maana sikujua likichemshwa linafanya nini katika ini la mzee. Lakini jicho nililiogopea zaidi. Dawa ya kweli ya ugonjwa ule ipo, nayo inataka kuanzwa mapema, na mzee alikuwa amekaa nyumbani kutwa kucha akitegemea yetu.

Tulimkuta ameketi nje, nusu ya uso imevimba, kikombe mkononi. Mama alitoka jikoni akipiga vigelegele, akamwona jogoo.

"Mbona mumerudisha ingokho? Ni ndogo?"

Binti akampita. Alimnyang'anya baba yake kikombe. Mzee akashangaa.

"Huyu mama yako anachemshanga asubuhi na jioni. Ingine ninaoshea jicho."

Binti alichuchumaa mbele yake akamweleza mistari yote minne, polepole, vizuri kuliko ninavyoieleza mimi. Mzee alisikiliza jicho moja likimtoka machozi, na si kwa huzuni, ni ugonjwa.

"Kwa hivyo inaua virusi juu ya vile inaua kila kitu," akasema. "Kama kuchoma nyumba ndio kunguni wakufe."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulisema ni dawa."

"Nilisema kabla sijaangalia."

Akaanza kulia. Mzee hakumbembeleza. Mama ndiye aliyeuliza atasema nini kanisani. Tukamwinua mzee tukaenda naye hospitali.

Daktari alilimulika lile jicho muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alisema kioo chake kimeshaguswa, kwamba huenda ukungu ukabaki, kwamba tutajua baadaye. Kuhusu gome alitaka damu ipimwe. Kisha akaandika vidonge, na kimoja kikawa cha kumezwa pale pale.

Binti akakiweka kiganjani mwa baba yake, akafungua chupa ya maji. Mzee hakukipeleka mdomoni. Alikigeuza geuza, akakisogeza karibu na jicho zima.

"Hii nayo," akauliza, "huo musitari wa nne, waliangalia?"

Nikadakia haraka kwamba ndiyo, miaka mingi, na watu wengi wameimeza.

"Siulizi madam," akasema, kwa heshima. "Nauliza wewe."

Binti alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Akaiweka chini. Alichukua pakiti kwa daktari, akalisoma jina la dawa, ambayo majaribio yake aliyasoma chuoni, akalisoma tena.

"Waliangalia, baba."

Mzee akafungua mdomo, akameza.