Jela Tuliyochora Uwanjani

Mimi shule yangu iliisha darasa la pili, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili kwa vile vita vya uhuru vilituchelewesha, na kilichoimaliza ni mchezo.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado haijapauka huko kwetu vilimani, juu ya Nyeri. Mwalimu alikuwa msichana wa kutoka Othaya, viatu vyake vyeupe. Sijui alivipitishaje kwenye matope yale. Matope ya kwetu usiulize. Basi, alisema sasa sisi ni raia, na uraia haufundishwi kwa kuimba tu. Tucheze serikali. Mmoja akawa chifu, mwingine hakimu na gunia mabegani, wengine askari. Mimi nikawa mwizi wa mbuzi, kwa sababu hakuna aliyetaka.

Nikahukumiwa. Mwalimu alikuwa amesema jela ni duara la majivu tu uwanjani. Lakini alipobaki darasani na mashahidi, watoto wakaongeza yao. Wakazungusha matawi ya miiba, wakanikalisha chini, mikono kichwani.

Hapo ndipo baba alipita akipeleka kahawa kiwandani.

Baba huyo, nikuambie, alikuwa amefungwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya mkoloni. Aliporudi hakulala tena kitandani, alilala karibu na mlango. Na ndiye alitaka nisome. Mama yangu angetosheka nikichuma kahawa.

Aliangusha gunia, akaingia katika ile miiba miguu mitupu, akaninyanyua. Mwalimu akaja mbio, ati ni mchezo wa kutufundisha sheria. Baba akanibeba hadi nyumbani bila kumtazama.

Jioni mwalimu alikuja nyumbani, akapiga magoti kabisa, mtu na elimu yake, akiomba nirudi. Baba alimuuliza jambo moja tu: nani aliwafundisha watoto kuweka mikono kichwani? Mwalimu akaapa si yeye. Nikajibu mimi, nikidhani ninamsaidia.

"Baba, hakuna mtu alitufundisha. Tuliona vile askari walikukalisha siku walikuja kukuchukua."

Alitoka nje. Chakula chake kikapoa, kuku wakakila.

Siku zilizofuata nilichuma kahawa nikisikia wenzangu wakiimba huko chini. Nililia, nikasihi, nikakataa kula, yote bure. Halafu asubuhi moja baba akaniambia nivae nguo ya shule. Nilivaa upesi kabla hajabadili nia. Tukateremka naye mpaka langoni, kengele ikilia. Mwalimu alisimama kwenye mlango wa darasa akitungoja, hakuthubutu kuita.

"Ingia, mama," baba akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Lakini mkono wangu hakuuachilia. Nikauvuta polepole, nikamwambia nimechelewa. Alikuwa anatazama uwanja, pale palipokuwa na majivu, jasho likimtoka na baridi yote ile ya asubuhi.

"Baba, niache niingie."

"Ingia," akasema tena, akizidi kunishika.

Kengele ikanyamaza. Mwalimu akangoja, akangoja, mwishowe akafunga mlango. Tukapanda kurudi kwenye kahawa, na hakunipeleka tena.