Jiko Chini ya Shuka

Mwaka ule wa uporaji, maduka ya Lubumbashi yalipobaki kuta tupu na mishahara ya migodini ikakatika, Amida yeye aliendelea kugonga bati pale mtaani Makomeno. Alikuwa fundi wa mbabula, majiko ya makala yaani mkaa, kazi aliyorithi kwa baba yake aliyetoka Maniema. Pamoja na nyundo alirithi desturi: jiko la kwanza la mtindo mpya haliuzwi, hutolewa sadaka kwa jirani siku ya Ijumaa.

Desturi hiyo ilikuwa imeshamponza. Alibuni jiko lenye ukuta wa udongo ndani, linaloivisha maharagwe kwa nusu ya makala, akalitoa, na muda si muda kila fundi mjini akawa analiuza kama lake. Amida alikasirika sana.

Simone, rafiki yake aliyewahi kufanya kazi kwa wakili, akamweleza habari ya breve, hati ya uvumbuzi: serikali inakupa haki ya kuwa mwenye kitu peke yako kwa miaka kadhaa, nawe unaandika wazi kinavyotengenezwa, dunia nzima isome, na muda ukiisha kinakuwa cha wote.

"Lakini kintu inapashwa kuwa ya mupya, Mama Amida. Kama bantu banaisha kuiona, ba serikali batakatala."

"Kumbe na yabo iko sadaka, mwisho inakuwa ya bote," Amida akacheka. "Shida, banaanza kwa kuificha."

Basi jiko la pili, lenye kimlango cha kupunguza hewa na kubana makala zaidi, akalifunika shuka. Simone akatafuta msafiri wa kupeleka maombi Kinshasa. Ndege hakuna, posta imekufa. Ijumaa zikapita.

"Mama Amida, sadaka yetu iko wapi?" aliuliza Nkandu, jirani wa ukuta mmoja.

"Ngojea kwanza karatasi ya Simone," Amida akajibu, na aibu ikamshika.

Makala yakawa haba. Asubuhi moja Amida alisikia shoka uani kwa Nkandu, akaenda kutazama. Jirani yake alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, ameanza kuupasua apikie watoto bukari, ugali wao.

Breve Amida aliitaka kweli. Ilikuwa mali pekee ambayo waporaji wasingeweza kuibeba. Akarudi kwake, akaondoa shuka, akalipitisha jiko barabarani mchana kweupe hadi kwa Nkandu, kila mtu analiona.

"Na ile karatasi?" Nkandu akauliza.

"Rudisha mulango yako. Makala ya mukono moja itaenea kwa bukari," Amida akasema, akainama kumwashia moto. Machozi yalimtoka, wala hakusingizia moshi.