Siku Tovuti Yangu Ilipowafuta Walimu Kazi

Jameni, hii aibu mimi huisimulia nikiwa nimefunika uso, maana hata leo nikipita mtaa wa Loresho natamani gari liongeze mwendo.

Nilikuwa ndiyo nimeanza kutengeneza tovuti, na mwalimu mkuu wa shule moja ya chekechea huko, Bi. Wairimu, mama mpole ajabu, akanipa kazi yangu ya kwanza ya maana. Rafiki yangu Jaspal, tuliyeshiriki naye ofisi mjini, akaniuliza, "Umeikagua?" Alimaanisha ile huduma ya mtandaoni inayosoma code yako, yaani yale maandishi yanayounda tovuti, na kukuonyesha ulipovunja kanuni. Nikamwambia, "Wachana na hiyo, si inafunguka? Mama anataka picha za watoto, hataki kanuni." (Na kweli kwa kompyuta yangu ilikuwa inang'aa.)

Siku ya wazazi, ukumbi umejaa, projekta imewashwa, Bi. Wairimu ananiita mbele nipigiwe makofi kabisa. Kumbe kompyuta ya shule ilitumia programu nyingine ya kufungulia intaneti, si kama yangu. Sasa, juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika saa za zamani za kufungua shule nikazikata kwa mstari, halafu saa mpya kando, lakini nikasahau kuweka alama ya kumaliza huo mstari. Programu yangu ilikuwa ikinisamehe kimya kimya, hii ya shule haikunisamehe, mstari ukaendelea kushuka, ukakata saa mpya, ukakata "Karibuni Nyote", ukafika kwa majina ya walimu ukayakata yote, ukutani, makubwa kama mabango.

Teacher Beatrice, wa watoto wadogo kabisa, akasimama machozi yakimlengalenga. "Madam, kwani tumefutwa kazi? Na tunaambiwa mbele ya wazazi?"

"Hapana! Ni code!" nikapiga kelele.

"Code ndiye nani?" akauliza baba mmoja huko nyuma, ukumbi ukaangua kicheko, nami nikawa nabonyeza kila kitu mpaka nikajikwaa kwa waya, projekta ikazimika (afadhali, kwa kweli).

Bi. Wairimu akamshika Beatrice bega, akasema hakuna aliyefutwa, akawataja walimu wake mmoja mmoja kwa mdomo, wazazi wakiwashangilia kila jina. Baadaye akaniita kando. Nilijua nimekwisha.

"Msichana wangu, mimi sikujua hizi vitu hukaguliwa. Wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kunywa chai kwanza. Halafu urekebishe."

Ilikuwa alama moja tu. Hiyo huruma yake iliniuma kuliko kufokewa. Tangu hapo ukurasa hautoki mkononi mwangu bila kukaguliwa, na wewe mwenye tovuti, muulize aliyekutengenezea kama ameikagua, hata akinuna muulize tena. Afadhali mashine inikosoe nikiwa peke yangu kuliko mwalimu wa watu alie hadharani kwa uvivu wangu.