Mkeka wa Kwenye Picha

Jambo moja lieleweke mapema: Mwanasha hakuwahi kushona mkeka. Kusuka alisuka kweli, ukanda wa ukili ukimtoka vidoleni pima kwa pima, lakini wa kuziunganisha kili hizo kwa sindano zikawa mkeka alikuwa dada yake, Twaiba. Miaka thelathini pale Msambweni, baraza moja, huyu anasuka, huyu anashona, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa rangi. Twaiba akitaka zambarau, Mwanasha husema zambarau ya nini, mkeka si leso.

Hamu ya tovuti ilimwingia Twaiba. Alisikia Ukunda kuna kikundi cha wenye biashara ndogo ndogo wanaosaidiana bure: ajuaye kupiga picha apige, ajuaye kuandika aandike, na asiyejua kitu hachekwi.

"Twende, mdogo wangu. Mikeka yetu itaonwa na wapita njia tu mpaka lini?"

Wakaenda, Mwanasha akinung'unika njia nzima.

Aliyewashika mkono ni Eunice, mwanamke wa kutoka bara anayetengeneza sabuni ya nazi. Umri wa binti yao, lakini adabu anayo: shikamoo kwanza, kompyuta baadaye. Twaiba akashona mkeka mmoja mahususi wa kupigwa picha, na wallahi aliujaza zambarau mpaka akaridhika. Eunice akaja Msambweni, akaupiga picha pale pale barazani.

"Huu hauuzwi barazani," Twaiba akasema. "Ni wa mteja wa kwanza wa tovuti."

Kisha ikaja homa. Siku sita tu, jamani! Siku sita na Twaiba akawa marehemu.

Wachimba kaburi wakaagiza mkeka, wa kutandikwa juu ya mbao kabla ya udongo. Nyumba ya wasuka mikeka, na mikeka hakuna! Yote ilikuwa imeuzwa msimu wa Idi. Uliobaki ni ule wa picha. Mwanasha aliutoa mwenyewe, akawakabidhi wanaume, akarudi ndani kukaa na wanawake wenzake. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya arobaini, kikundi kikaja Msambweni, wanawake watano na Eunice mbele. Walikuwa wameimaliza tovuti wenyewe, bila kumsumbua.

"Hatukutaka kazi ya mama Twaiba ipotee," Eunice alisema, akamwekea simu mapajani.

Juu kabisa palikuwa na mkeka wa zambarau. Chini yake pameandikwa: Twaiba na Mwanasha, washona mikeka. Mwanasha akapitisha kidole juu ya kioo, mkeka ukasogea, akashtuka, akaurudisha upesi.

"Mama, tuuondoe?"

"Uacheni. Nitauona wapi tena?"

Yusra, mmoja wao, anayeshona vikapu, akasema yuko tayari kuja kila Jumamosi amfundishe sindano. Mwanasha akamshukuru, lakini macho yake yalikwenda kwenye kona ya baraza. Rundo la kili alizozisuka tangu msiba lilikuwa pale, halijaguswa.

Wiki haikuisha, Eunice akarudi mbio. Ameandika mteja, wa kwanza: anautaka mkeka ule ule wa kwenye picha, bado upo?

"Nimjibu nini, mama?"

"Lete. Nitajibu mimi."

Akaandika herufi moja moja, kama alivyofundishwa kule Ukunda: Umeshachukuliwa.

Jibu halikukawia. Mteja aliandika: Si neno, naona kazi yenu ni nzuri mno. Je, mtanishonea mwingine?

Mwanasha akalisoma, akalirudia.

"Anasema mtanishonea," Mwanasha akasema. "Eunice mwanangu, huyu anadhani bado tuko wawili."

Akataka kumjibu kama mtu mmoja, maana sasa yuko peke yake. Akaandika "nita", akafuta. Akaandika tena, akafuta tena, kisha akamrudishia Eunice simu, akajifunika uso kwa leso.