Msumari wa Tatu

Siku Dervla Naughton alipopata shahada ya ualimu, baba yake, Malachy, alichukua nyundo, akapigilia msumari ukutani juu ya meko ya sebuleni na kuitundika picha ya bintiye aliyevaa joho. Kisha, kwa kuwa nyundo ilikuwa bado mkononi naye si mtu wa kupanda kiti mara mbili kwa kazi moja, akapigilia misumari mingine miwili. Mmoja ulikuwa wa Fintan, aliyekuwa sekondari. Wa tatu ulikuwa wa Colman, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa na azma ya kuwa dereva wa trekta.

Hakuna aliyeona ajabu. Katika kijiji cha Carrowbeg, jimbo la Roscommon, nyumba isiyo na picha ya mtoto mwenye joho ni nyumba ambayo wageni humaliza chai haraka. Kila Jumamosi Attracta, mama wa watoto hao, alishika kitambaa na kupangusa vumbi kwa utaratibu usiobadilika: kwanza picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kisha ya Dervla, baadaye na Fintan alipotundikwa, na mwisho msumari mtupu.

Colman akaenda chuo kikuu kusoma uhandisi. Alipofika mwaka wa mwisho, mama yake aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Baba alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawana habari na saratani. Dervla na Fintan walikuwa Dublin na watoto wao. Kwa hiyo Colman ndiye aliyempeleka mama hospitalini kwa gari wiki baada ya wiki.

"Na masomo je?" mama aliuliza kila walipopita daraja la mto Shannon.

"Leo hatuna, Mama."

"Chuo hicho kina likizo nyingi kuliko mapadri."

Mitihani ya mwisho ilifanyika bila yeye. Haki lazima isemwe: hesabu za joto na mvuke zilikuwa zimekwisha kumshinda hata kabla ya ugonjwa kubisha hodi, na mara nyingine alipokuwa akisubiri nje ya chumba cha matibabu alijishtukia ana nafuu moyoni, kama mtu aliyepata udhuru mzuri wa kutokwenda kwenye harusi mbaya. Ni kiasi gani kilikuwa upendo na kiasi gani woga, hakuwahi kupima. Hakuwaambia nyumbani.

Mwezi wa tisa daktari alisema Krismasi ni mbali mno. Jioni hiyo Attracta, akiwa kwenye kitanda walichomtandikia sebuleni, aliutazama ukuta.

"Mahafali yako lini, mwanangu?"

Colman aliitaja tarehe ya mahafali ya wenzake. Neno lilitoka lenyewe, bila kumwomba ruhusa.

"Nitasubiri," mama akasema, kama mtu anayezungumzia basi.

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukodi joho. Joho hukodiwa na yeyote mwenye pesa. Hakuna anayeuliza umefaulu au la. Kizuizi kilikuwa baba yake. Colman alimwambia amechelewa kuomba tiketi za wageni na zimekwisha.

"Nitasimama nje," Malachy alisema. "Nimesimama mnadani siku nzima kwa ajili ya ng'ombe wabaya kuliko wewe."

Wakaondoka alfajiri, na mikate ya nyama ya nguruwe na chupa ya chai kwenye kiti cha nyuma. Kwenye kituo cha mafuta walikutana na Philomena, jirani yao, ambaye habari za parokia humfikia kabla hazijatokea.

"Haya, injinia wetu! Sasa utatutengenezea lile daraja letu bovu?"

"Atakutengenezea mdomo kwanza," Malachy alisema, akawasha gari.

Chuoni mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyostahili mwavuli. Colman alivaa joho, akamwacha baba yake uwanjani kati ya wajomba na shangazi za watu, akaingia na kundi la wahitimu kwenye mlango mkubwa. Alitokea mlango wa pembeni, akajifungia chooni kwenye maktaba iliyo ng'ambo ya uwanja. Mpango wake ulikuwa kuketi hapo mpaka sherehe iishe, kisha ajichanganye na umati.

Asichojua ni kwamba chuo, kwa kuwahurumia wasio na tiketi, kilikuwa kimeweka vipaza sauti uwanjani. Dirisha la choo halikufungika vizuri. Alisikia hotuba ya kwanza, ya pili, na kinanda. Kisha majina yakaanza, kwa mpangilio wa alfabeti, kila jina na makofi yake.

Alijaribu kutosikiliza. Mtu hawezi kutosikiliza alfabeti inayomjia.

"Murtagh, Orla."

Makofi. Msomaji alivuta pumzi. Nafasi ya jina moja, pengine, kama ulikuwa unaitafuta.

"Neary, Lorcan."

Lorcan alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza. Colman aliinamisha kichwa juu ya magoti, kofia ikaanguka kwenye sakafu iliyolowa. Aliiokota na kuifuta kwa karatasi ya chooni, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ilikuwa ya kukodi.

Alipotoka, uwanja ulikuwa umejaa akina mama wanaolia na akina baba wanaotafuta gari lilipo. Malachy alikuwa ameketi garini, kofia yake ya mashambani imelowa.

"Ulikuwa humu muda wote, Baba?"

"Mvua," alisema Malachy. "Nilikunywa chai."

Colman alimshukuru Mungu kwa mvua.

Mpiga picha alimpa cheti cha kushika: kipande cha bomba la plastiki kilichozungushiwa karatasi na utepe mwekundu. "Ukimaliza nirudishie, ndugu, kuna foleni." Kwa hiyo kila mhitimu siku hiyo, wa kweli na wa uongo, alipigwa picha akitabasamu na bomba lile lile. Colman aliona kuna faraja fulani hapo, ila haikumfikia.

"Ndogo au kubwa?" mpiga picha aliuliza.

"Kubwa," Malachy alisema kabla mwanawe hajafungua mdomo. Hakuwa mtu wa kununua vitu vikubwa.

Walipofika nyumbani, Attracta alikuwa ameegemezwa kwenye mito na kuchanwa nywele. Aliishika picha kwa mikono miwili iliyobaki mifupa mitupu. Aliitazama mpaka Dervla, aliyekuwa amekuja kumuuguza, akaenda jikoni bila sababu.

"Ungechana nywele," mama alisema hatimaye.

"Kulikuwa na upepo, Mama."

"Na jina, walilisoma vizuri? Wale wa mjini hutuita Norton."

Colman alifungua mdomo. Uongo wote mpaka hapo aliuweza. Huu haukutoka.

"Walilisoma vizuri," Malachy alisema kutoka mlangoni, akivua buti. "Naughton, Colman. Nilikuwa nimesimama chini ya kipaza sauti. Nililisikia."

Colman alimtazama baba yake. Mzee aliendelea kufungua kamba za buti, kwa makini, kama mtu aliyepewa fundo gumu.

"Walipiga makofi?"

"Kuliko ya Neary," Malachy alisema.

Attracta alicheka kidogo, akaomba picha itundikwe. Alifariki baada ya majuma machache. Msibani watu walipanga foleni mpaka barabarani, na kila aliyempa Colman mkono alisema mawili kwa pumzi moja: pole kwa mama, hongera kwa shahada. "Alikufa na furaha, kwa sababu yako," Philomena alimwambia, akilia kweli kweli. Colman akajibu asante, asante, mpaka neno likapoteza ladha.

Alirudi chuoni mwaka uliofuata, akapambana na joto na mvuke, akafaulu kwa shida. Barua ya mahafali ilipokuja aliweka alama penye "sitahudhuria". Cheti kikaletwa na mtu wa posta, siku ya Jumamosi, pamoja na bili ya umeme.

"Hukwenda," Malachy alisema.

"Picha si ninayo, Baba."

Siku hizo mzee ndiye aliyepangusa vumbi. Alichukua kitambaa, akaanza na Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaja kwa Dervla, akaja kwa Fintan. Mbele ya picha ya tatu alisimama wima, akakohoa, na kwa sauti ya mtu anayesomea umati akasema, "Murtagh, Orla. Naughton, Colman. Neary, Lorcan."

Pale kilipokuwa kitanda cha Attracta, zulia lilikuwa bado na alama za miguu minne ya kitanda. Mzee alisubiri kidogo, kama msomaji anayeyapa makofi nafasi yao, kisha akamalizia kupangusa.