Bi Ozella Amvizia Mwizi wa Kigoda

Jua halijachomoza juu ya misonobari, na Bi Ozella Crenshaw ameshawasha jiko. Mikono yake, yenye umri wa miaka tisini na moja, inachanganya unga, siagi na mtindi kwa ajili ya mikate midogo ya asubuhi. Lakini macho yake hayako kwenye bakuli. Yanamtazama mwandishi wa makala haya.

"Nani amekutuma?" anauliza.

Anajibiwa kuwa hakuna aliyemtuma mtu.

"Hakuna mtu wa kutoka mji wa Montgomery anayeendesha gari mpaka huku kumtazama bibi kizee akipika. Haya, kaa. Kaa pale ninapokuona."

Kazi yake haijawahi kubadilika. Ni mama wa nyumbani, tangu alipoolewa akiwa msichana mpaka leo. Katika jiko hili, kusini mwa jimbo la Alabama, Marekani, amelea watoto watano, amemuuguza mama mkwe, na amempikia mumewe, Alton, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Alton alifariki zamani. Watoto walipomtaka ahamie mjini, aliwauliza bustani yake wataibeba kwenye gari la nani.

Kwa hiyo akabaki peke yake. Analima kunde, bamia na sukuma wiki. Kiangazi anasindika tini na nyanya kwenye mitungi ya kioo na kuipanga stoo, safu juu ya safu, mpaka karibu na dari.

Mwaka huu, majira ya kuchipua yalipoanza, vitu vikaanza kupotea.

Kwanza kigoda anachopandia kufikia mitungi ya juu. Kisha kisu kikubwa. Kisha ufunguo wa gari kuukuu la Alton, ambalo bado huliendesha hadi dukani.

"Nikajiambia, Ozella, unaanza kusahau," anasema. "Halafu nikakataa. Mtu anaweza kusahau kisu. Kigoda utakisahauje? Unakaribia kujikwaa nacho kila siku."

Akaanza kuwachunguza watu. Aliyemshuku kwanza ni jirani yake, Hosea Binion, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, ambaye mbwa wake humbwekea hata upepo. Vitu vinaibwa, mbwa kimya. Bi Ozella akaona jambo hilo halihitaji polisi. Aliacha kumpelekea sahani ya chakula ya kila Jumapili.

Wiki ya tatu, Binion alikuja hadi barazani.

"Bi Ozella, nimekukosea nini?"

"Moyo wako unajua."

"Moyo wangu una njaa tu, mama."

Bi Ozella hakucheka. Aliingia ndani na kufunga mlango.

Jumapili iliyofuata alivaa kofia yake ya kanisani, akaingia kwenye gari la shemasi kama kawaida. Wimbo wa pili ulipoanza, alimnong'oneza shemasi kuwa tumbo linamsumbua, akaomba arudishwe. Aliingia stoo, akavuta mlango, akaketi juu ya gunia la viazi vitamu.

Haikupita muda, mlango wa nyuma ukafunguka. Huo mlango una komeo bovu, na ni watu wa nyumba hii tu wanaojua jinsi ya kulisukuma.

Kupitia ufa alimwona Verlene, binti yake mkubwa, mwalimu mstaafu anayeishi mji wa jirani. Verlene alinusa maziwa kwenye friji. Akapekua dawa. Akachukua kiberiti, akakitia kwenye mkoba.

"Rudisha," Bi Ozella alisema kutoka stoo.

Verlene aligeukia mlango wa stoo.

"Mama! Mbona hukwenda kanisani?"

"Nimekwenda, nimerudi. Wewe je, umekwenda kanisa gani?"

Verlene alikaa. Akaeleza huku akilia. Rafiki yake mmoja alikuwa amemkuta mama yake mwenyewe sakafuni, ameanguka toka kwenye ngazi, na hakuna aliyejua alilala pale tangu lini.

"Kila simu ikilia nadhani ni wewe umeanguka," alisema.

"Kwa hiyo ukaniibia. Ukaniacha nifikiri akili zangu zinaniacha."

"Ningekuomba kigoda, ungenipa?"

Bi Ozella anaacha kuchanganya unga anapofika hapo. "Nisingempa," anasema. "Ningemfukuza."

Vitu vilirudi wiki hiyo, isipokuwa kigoda. Mitungi imeshushwa kwenye rafu za chini. Verlene sasa huja Jumanne, kwa mlango wa mbele, na hupewa kazi.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni Binion. Bi Ozella alimpelekea kuku wa kukaanga, kunde na mkate wa mahindi, akamwambia alimdhania vibaya.

"Sina njaa," Binion alijibu. Lakini hakufunga mlango, naye Bi Ozella hakuondoka, mpaka sahani ikapokelewa. Kuhusu mbwa, Binion alimweleza kwamba Verlene alikuwa akimletea mifupa.

Leo ni Jumanne. Verlene ameshafika, yuko kwenye sinki, anaosha sukuma wiki. Mama yake anainuka, anachukua jani moja lililokwisha kuoshwa, analigeuza, anatafuta mchanga.

Je, sasa anamwamini?

"Nampenda," anajibu. "Kumwamini, bado namwangalia."

Anapanga kupanua shamba la viazi vitamu mwakani, kwa kuwa sasa ana kibarua wake, Verlene. Mjini hahamii. "Nataka nifie hapahapa, sufuria ikiwa jikoni."

"Na nani atazima moto, Mama?" Verlene anauliza bila kugeuka.

"Wewe," anasema Bi Ozella. "Unafikiri ufunguo wa mlango wa mbele nilikupa wa nini?"