Muhonja wa Managu

Mimi Teresiah, ambaye wateja huniita Mama Phares, nilimtangulia Muhonja hapa mtaa wa Tena kwa miaka tisa, na hilo nataka lijulikane kabla ya mengine. Kibanda changu cha mboga kina bati, kina meza, kina hata mashine ya kukatia sukuma wiki. Yeye alikuja na karai moja la kunde, akaketi ng'ambo ya barabara, na kabla mwaka haujaisha nusu ya wateja wangu walikuwa wamevuka.

Ni mtu wa Vihiga. Mumewe alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, kazi ikaisha, ndipo mke akaanza kuuza mboga za kienyeji: kunde, mrenda, saga na managu. Hapigi kelele kuita watu. Wala hashiki kisu. Managu anayachambua kwa vidole, jani moja moja, na wewe mteja unaketi kumsaidia huku akikufundisha: haya yatie maziwa, omena ikaange na nyanya, mtoto msagie njugu kwenye uji. Watu wa Nairobi na haraka zao, lakini kwake wanaketi! Mimi nakukatia sukuma kwa dakika mbili na unaondoka bila kuniangalia usoni. Roho iliniuma, sifichi.

Halafu Leyla naye akaniongezea uchungu. Leyla ni nesi wa zahanati yetu, hupima watoto kila Jumanne, na akina mama wenye watoto waliokonda alikuwa akiwaambia, "Nenda kwa Muhonja akuonyeshe cha kupika." Kwa nini si kwa Teresiah? Nilimwendea nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema, "Wewe unawauzia mboga, mama. Yeye anahakikisha zimelika." Nilinuna wiki nzima.

Nikaamua kumkomesha. Nilileta gunia zima la managu, nikayapitisha kwenye mashine, mashina na yote, nikajaza mifuko. Yaliisha siku moja. Kesho yake mteja wangu Mama Wesonga alinijia amefura kwa hasira. "Aki Mama Phares, hiyo managu yako ni chungu kama dawa! Watoi wamekataa kabisa." Kumbe managu hayakatwi, na kila mtu wa kwao Muhonja anajua. Siku hiyo nilimchukia kwa kujua.

Wakati huo mjukuu wangu Mukami, wa miaka miwili, alikuwa akishinda nami kibandani, kwa kuwa mama yake huondoka alfajiri kwenda kazini. Asubuhi nilimpa chai na mkate, mchana chai na mkate. Mboga nzuri zilikuwa za wateja. Nyumbani nilibeba majani yaliyoanza kugeuka njano, na akiyakataa nilimwongezea chai. Macho yangu yalikuwa ng'ambo ya barabara muda wote, nikihesabu nani ameketi kwa Muhonja.

Jumanne moja nilimpeleka kupimwa kwa sababu alikuwa ameacha kucheza. Leyla alimweka kwenye mizani, kisha akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia watoto waliokonda. Akaurudia mara ya pili.

"Mama Phares," akasema polepole, "huyu mpeleke kwa Muhonja."

Nilivuka barabara mchana kweupe nikiwa nimembeba mtoto, wateja wangu wa zamani wakinitazama. Nilingoja Muhonja anicheke. Angekuwa yeye amekuja kwangu, mimi ningecheka hadi mtaa wa Umoja wasikie. Alimpokea Mukami, akamshika shavu, akanisogezea fungu la managu mapajani.

"Tuchambue, mamangu," akasema. "Atakula tu."

Nilichambua.

Jioni hiyo Mukami alimaliza sahani yake ya managu, akalamba vidole, akasema, "Shosho, ongeza." Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Nilimwongezea, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na nikamwonea Muhonja wivu kuliko siku zote, maana amemshibisha mjukuu wangu kwa mboga, kitu ambacho mimi mwenyewe nauza.